Taiga Saba wa Nyongeza

Nyongeza ndiyo iliyoniponza. Mimi sinunui kitu bila nyongeza. Nikinunua mkungu wa ndizi nataka vidole viwili kando. Nikinunua debe la maharagwe nataka kilima juu ya debe, na muuzaji akikisawazisha kwa kiganja namkazia macho mpaka mkono urudi nyuma wenyewe. Kwa hiyo siku ile mjini Kisii, nilipokwisha kupatana na yule bwana anayeuza samaki wa mapambo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, sikuondoka. Niliwahesabu samaki wangu wekundu ndani ya mfuko wa maji, nikawahesabu tena, kumi, kisha nikasimama pale pale.

"Na nyongeza?"

"Mama, samaki hana nyongeza. Hii si nyanya."

"Kila kitu kina nyongeza."

Alinitazama, kisha akatazama beseni moja sakafuni lililofunikwa kwa kipande cha chandarua na kufungwa kamba pande zote. Mabeseni mengine yote yalikuwa wazi. Mtu wa sokoni kama mimi angepaswa kujiuliza. Hakutumia hata wavu: alifungua kamba, akainua beseni, akalimimina lote ndani ya mfuko wa pili. Samaki saba wa rangi ya dhahabu chafu, kila mmoja na mistari minne mieusi, wanazunguka kama watu waliochelewa mahali.

"Hawa wanaitwa taiga. Wako saba. Chukua, mama, na Mungu akubariki."

Muuzaji akikubariki baada ya kukupa nyongeza, mrudishie. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile nilirudi Nyamira nimejaa furaha ya mtu aliyemshinda mwenzake.

Sasa nieleze tangi lenyewe. Mimi nauza mapazia ya mitumba Nyamira mjini. Mwalimu mmoja alipohamishwa aliniachia tangi la kioo la futi nne, nami nikampa mapazia ya nyumba nzima. Mume wangu, ambaye naye ni mwalimu, anafundisha Ogembo na huja nyumbani Ijumaa jioni. Alipoliona alisema tumepata sanduku la kuwekea vumbi. Kwa ubishi nikalitia mchanga wa mto na kupanda majani, mengine ya kununua, mengine niliyong'oa kijitoni mwenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba mimea ya majini hukua. Kufikia mwaka wa pili tangi lilikuwa kama shamba la chai ambalo halijachumwa tangu mwenyewe aende Nairobi. Kuona upande wa pili ilibidi usubiri samaki apite akufungulie njia.

Katikati ya msitu huo aliishi samaki mmoja mkubwa, bapa kama kisahani, mweupe, mwenye mapezi marefu yaliyoning'inia kama pindo za pazia la harusi. Mpole, mzito wa mwendo. Mimi sikumwona wa ajabu. Aliyempenda alikuwa baba mkwe wangu.

Baba mkwe ni mkulima wa chai huko Ikonge, na tangu mama mkwe afariki anaishi peke yake. Alikanyaga kisiki cha mchai uliopogolewa, kikamtoboa karibu na kisigino, na kwa kuwa ana kisukari kidonda kikakataa kufunga. Daktari alisema mambo mawili, nami nikamwomba ayarudie: kidonda kisafishwe kila siku kwa wiki nane, na mzee asiguse matope ya shamba kabla ya hapo, la sivyo mguu utakatwa. Tukamleta kwetu. Siku ya tatu nilimkuta barabarani akipatana na mtu wa boda ampeleke Ikonge. Siku ya sita alikuwa tayari amekaa juu ya pikipiki, nami nikaishika kwa nyuma kama ninayekamata mwizi.

"Tata, mguu," nikamwambia. Tata ni baba. Ndivyo tunavyowaita wakwe.

"Mguu ni wangu. Chai pia ni yangu. Nani anachuma?"

Aliyemtuliza hakuwa mimi wala mwanawe. Kwetu Kisii mzee haingii ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, tunaiita chinsoni, na mzee wangu ni wa wale wanaoishika kwa mikono miwili. Usiku alilala katika chumba cha nje nilichokuwa naweka marobota yangu, na mchana alikaa kibarazani, mguu juu ya stuli. Kiti chake kilitazamana na dirisha la sebule, na ndani ya dirisha hilo, juu ya kabati, ndipo lilipo tangi. Siku ya saba alivuta kiti karibu. Siku ya nane aliniuliza kupitia nondo za dirisha, "Huyu mweupe anakula nini?" Siku ya tisa hakutaja boda hata mara moja. Jirani yetu mmoja ni muuguzi, na alikuwa akipita asubuhi kumwosha kidonda. Mzee alimkazia macho samaki tangu bandeji ya zamani itoke mpaka mpya ifungwe. Labda hakusikia uchungu, labda aliusikia na hakutaka samaki ajue.

Nikapiga hesabu. Wiki nane ni siku hamsini na sita. Tisa zimepita, zimebaki arobaini na saba, na zote zinamtegemea samaki mmoja. Nikapiga tena, zikawa zile zile. Hiyo ndiyo safari iliyonipeleka Kisii: nilitaka kumwongezea mzee vya kutazama.

Taiga waliingia majini saa nane mchana. Saa tisa mzee akaniita.

"Omokamwana." Maana yake mke wa mwana. Jina langu hajawahi kulitaja, na mimi lake siwezi.

"Ndio, Tata."

"Hawa umeleta wanauma mweupe."

Nikatazama. Kweli, mmoja alipita kama risasi, akanyofoa kipande cha pezi, akatokomea majanini. Mweupe akageuka kuona ni nani, na wakati anageuka wa pili akanyofoa upande wa pili. Kufikia kesho yake asubuhi zile pindo zilikuwa matambara. Mweupe amejibanza pembeni kichwa chini, hali kitu. Mzee naye akasukuma sahani ya viazi kando.

"Huyu akikufa," akasema, "hapa nitakaa nikitazama nini? Ukuta?" Pikipiki ikapiga honi barabarani, nikamwona anageuza shingo.

Nikampigia simu bwana wa Kisii.

"Nyongeza hairudi, mama."

"Sitaki kitu. Nataka tu uje uwakamate uende nao."

"Niwakamate?" Akacheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. "Kwani unadhani ni kwa nini nilikumiminia beseni zima? Wiki mbili nimewawinda, sikupata hata mmoja. Na hilo ni beseni tupu, halina hata jani."

Basi nikafunga duka, nikakunja mikono ya gauni, nikashika wavu wangu wa kiganja kimoja. Sijawahi kudharauliwa na kitu kidogo namna ile. Taiga hakimbii kabla. Anangoja. Anakutazama kwa jicho moja mpaka wavu uwe umbali wa kidole, kisha hayupo, na majani yanatikisika kwingine kabisa. Mzee, ambaye kutoka kibarazani aliona tangi kwa nyuma, akachukua usukani.

"Kushoto."

Nikapeleka wavu kushoto.

"Nimesema kushoto."

"Hii ndiyo kushoto, Tata."

"Hiyo ni kulia. Hukusoma?"

Kushoto kwake kulikuwa kulia kwangu, na mkwe hamwambii mkwe kwamba amekaa upande usiofaa wa dunia. Tulipoteza nusu saa hapo. Mwishowe nikapendekeza tutumie miji: mwisho mmoja wa tangi tuuite Kisii, wa pili Keroka.

"Wako Keroka," akasema mara moja. "Watatu. Sasa wameondoka. Wako njiani. Wamefika Kisii. Mbona wewe bado uko Keroka?"

Kufikia jioni nilikuwa nimekamata wekundu watatu, konokono mmoja, majani ya kutosha sufuria, na mweupe mwenyewe mara mbili, ambaye alinitazama kama mgonjwa anayefukuzwa kitandani. Taiga, sifuri. Nilihesabu tena, sifuri.

"Pogoa," mzee akasema kesho yake.

"Tata, majani haya yamechukua miaka miwili."

"Na chai yangu imechukua arobaini, na inapogolewa. Kichaka kikiwa hivi huwezi kuona hata nyoka."

Nilibisha kwa adabu, yaani nilinyamaza na sikufanya. Lakini mweupe alikuwa amebaki na pezi moja zima, na mzee alikuwa ameuliza mtu wa boda anapatikana saa ngapi. Ijumaa mchana nikachukua mkasi wa kukatia mapazia nikapogoa. Nilijaza ndoo mbili. Ilikuwa kama kunyoa mtoto nywele alizosifiwa nazo. Kisha nikashusha kipande cha kioo cha dirisha katikati ya tangi, nikakisogeza pole pole, mzee ananihesabia miji, na kwa mara ya kwanza tangu walipoingia nyumbani mwangu nikawa na taiga watatu kwenye kona ya Keroka, hawana jani, hawana njia. Nikanyoosha mkono kuchukua wavu.

"Basi," mzee akasema.

"Tata?"

"Jua limezama."

Nikatazama nje. Kweli lilikuwa limezama, juu ya migomba ya jirani hakukuwa na kitu. Sisi ni Wasabato, na mzee alikuwa shemasi kabla mimi sijazaliwa.

"Tata, ni dakika moja. Wako hapa mkononi."

"Kazi ni kazi."

"Si ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato tunamtoa?"

Alilifikiria hilo, nampa haki yake. "Ng'ombe huanguka mwenyewe," akasema. "Hawa hawakuanguka. Ulileta."

Hapo ndipo mume wangu alipoingia na mkoba wake kutoka Ogembo, akanikuta nimelowa mpaka mabegani, sakafu ni ziwa, ndoo mbili za majani mlangoni, na babake amekaa kibarazani ametulia kama picha.

"Mnafanya nini hapa?"

"Hatufanyi kitu," mzee akamjibu. "Ni Sabato."

Nikaondoa kioo. Wale watatu wakaenda zao Kisii.

Jumamosi yote sikulitazama tangi, kwa hasira. Mzee, ambaye kwa sababu ya mguu hakwenda kanisani, alilitazama kutwa nzima. Jumapili asubuhi, kabla sijamaliza kumpa uji, akaanza.

"Wewe kuku unamkamataje?"

"Namkimbiza."

"Ndiyo maana kuku wako wamekonda. Kuku hakimbizwi. Unaweka kikapu hapo siku mbili, unamlisha chini yake, mpaka aone kikapu ni nyumba. Halafu siku ya tatu unakiangusha. Hawa ni kuku tu. Wanaogopa kitu kinachotembea."

Nikamwambia wavu si kikapu. Akaniambia kichwa si cha kubebea kitambaa tu. Mume wangu akatoka kwenda kutafuta kazi ya kufanya uani.

Tulipata wavu mkubwa, nikaufunga kwa waya kwenye ukingo wa tangi, mdomo wake ukiwa chini ya maji, na kuanzia siku hiyo chakula kilianguka hapo tu. Siku ya kwanza taiga waliukwepa. Siku ya pili wakaupita karibu. Nami ndiye wa kusimama pale, sina ruhusa ya kutikisika, kila nikikohoa mzee ananyoosha kidole. Nimesimama kwenye foleni nyingi katika maisha yangu lakini hiyo ilikuwa ya kwanza kumsubiri samaki aamue. Siku ya nne mmoja aliingia ndani kabisa, akala, akasahau. Nikainua.

Mzee aligonga fimbo sakafuni mara moja.

Kila tulipomtoa mmoja, waliobaki waligoma kuingia kwa siku mbili tatu, kwa hiyo kazi ilikwenda kwa mwendo wa serikali. Waliokamatwa walikaa kwenye ndoo yenye mfuniko jikoni, na Jumapili mume wangu akawapeleka Ogembo kwa kinyozi mmoja aliyekuwa na tangi tupu na akitaka wateja wapate cha kutazama wakinyolewa. Wa pili akaenda, wa tatu akaenda. Mweupe akaanza kula. Mapezi yakaota upya, laini, ya kupitisha mwanga. Mzee akala viazi vyake, kidonda kikasafishwa kila asubuhi, siku zikahesabika, nami nikaanza kulala vizuri.

Siku tuliyomtoa wa nne mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Wakiisha hawa wezi, na mimi naenda nyumbani."

"Kwa nini, Tata?"

"Nilikaa kumlinda mweupe. Akishalindwa nakaa nikifanya nini? Chai yangu ni msitu sasa."

Nilisimama na wavu mkononi nikapiga hesabu upya, na safari hii sikuipenda. Taiga watatu, kwa siku tatu kila mmoja, ni siku tisa. Za daktari zilikuwa zimebaki ishirini na nane. Yaani nikiwaacha, wanamuua mweupe na mzee anaondoka. Nikiwatoa, mweupe anapona na mzee anaondoka. Nimeuza mapazia miaka kumi na minne na sijawahi kubanwa pande zote mbili na mteja anayekunywa uji wangu.

Nikajaribu kupatana. "Tata, muuguzi anasema wiki nne."

"Muuguzi hana chai."

"Basi wiki tatu."

"Nimesema samaki. Sikusema wiki."

Wa tano na wa sita niliwatoa kwa sababu ya mweupe. Sikuwa na njia. Akabaki mmoja, mdogo kuliko wote, ambaye alipojikuta peke yake alipoteza ujasiri na kujificha nyuma ya majani mapya, hamuumi mtu. Huyo ndiye niliyeanza kumkosa. Anaingia wavuni, nami nainua kwa kuchelewa kidogo. Anaingia, nami napiga chafya. Nilimkosa Jumatatu, nikamkosa Jumatano, nikamkosa Alhamisi. Najivunia kudanganya watu wazima sokoni, lakini sokoni hakuna mtu anayekutazama mikono kupitia dirisha kutwa nzima.

"Mkono umechoka?" mzee akaniuliza.

"Huyu ni mjanja, Tata."

"Mjanja. Mtu aliyekamata sita."

Siku ya arobaini na tatu niliamka nikamkuta kibarazani na mkoba wake magotini, amevaa koti. Mtu wa boda alikuwa ameambiwa afike saa tatu. Mzee akaniambia nifanye kazi yangu ya wavu asubuhi hiyo, akiona. Muuguzi alikuwa amepiga magoti mbele yake akifungua bandeji.

"Inakuja vizuri," muuguzi akasema. "Lakini hii ngozi mpya, Tata, ni kama ile ya juu ya maziwa. Ukikanyaga matope leo tunarudi mwanzo, na mguu huu hauna mwanzo wa pili."

Mzee alikuwa akitazama wavu.

Nikatia chakula. Taiga wa saba akatoka majanini, akazunguka mara mbili, akaingia ndani kabisa. Na hapo, sijui niseme nini, nilichoka. Nilichoka na samaki, nikachoka na kujifanya sijui kuinua wavu, nikachoka na mzee wa miaka sabini na kitu anayetaka kuuza mguu wake kwa chai. Siwezi kumfunga mtu mzima kwa kamba ya samaki. Nikaanza kuinua, pole pole, kama alivyonifundisha. Safari hii sikupiga chafya. Ukingo wa wavu ukafika usoni pa maji. Taiga alikuwa katikati, anatafuna.

"Omokamwana."

"Ndio, Tata."

"Hajashiba huyo."

Nikageuka. Alikuwa bado anatazama tangi, na uso wake haukuwa na kitu cha kusoma. Muuguzi alikuwa ameinua kichwa, bandeji mkononi.

"Wacha ale kwanza," mzee akasema.

Nikashusha wavu. Taiga alimaliza alichokuwa akila, akatoka, akarudi nyuma ya majani yake bila haraka yoyote. Nje pikipiki ikapiga honi.

"Mwambie huyo nimechelewa," mzee akasema, akivua koti. "Wiki mbili hivi."

Nilitoka mpaka getini, nikamwambia mtu wa boda, akalalamika, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Zimebaki siku kumi na tatu, nilihesabu nikirudi, na kufika mlangoni nikahesabu tena. Nilipopita kibarazani muuguzi alikuwa akifunga bandeji kwa plasta, na mzee ameinama karibu naye, anamweleza kwa sauti ya siri ambayo ilinifikia vizuri kabisa kwamba shida ya nyumba hii ni moja tu, mke wa mwanawe hajui kushika wavu.